Asilimia 90 Ambayo Haikutosha: Uchambuzi wa Kisa cha Tasnifu ya Uzamili katika Mawasiliano

Kisa hiki kinamhusu mwanafunzi mmoja wa uzamili katika mawasiliano ambaye nilikuwa msimamizi wake mkuu. Amelisoma andiko hili kabla halijatoka na ameridhia litumike kufundishia. Majina ya watu, chuo, magazeti yaliyochunguzwa na miaka ya tukio vimeondolewa. Idadi chache zimesawazishwa, kwa sehemu ili kazi yenyewe isitambulike, na kwa sehemu ili msomaji aweze kuifuata hesabu kwa kalamu na karatasi.

## Usuli

Mwanafunzi huyu alijiunga na programu ya miaka miwili akiwa na shahada ya kwanza ya isimu. Hilo si jambo geni, kwa kuwa idara za mawasiliano hupokea watu kutoka sosholojia, siasa, fasihi, biashara na hata uhandisi, na taaluma yenyewe ilijengwa na watu waliotoka kwingine: Harold Lasswell alikuwa mwanasayansi wa siasa, Paul Lazarsfeld alisomea hisabati, na Claude Shannon, ambaye makala yake ya mwaka 1948 ilitupa picha ya mtumaji, mkondo na mpokeaji, alikuwa mwanahisabati na mhandisi. Urithi huo una gharama yake. Mwaka 1999 Robert Craig aliigawa nadharia ya mawasiliano katika mapokeo saba, yaani balagha, semiotiki, fenomenolojia, sibanetiki, saikolojia ya jamii, utamaduni wa jamii na uhakiki, akionyesha kwamba kila pokeo linalifafanua tatizo la mawasiliano kwa namna yake. Mwanafunzi anayeingia kwa mara ya kwanza hukutana na maneno yaleyale (ujumbe, maana, athari) yakiwa na uzito tofauti kutoka makala moja hadi nyingine, na mara nyingi hakuna anayemwonya.

Katika idara yetu wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza huketi katika semina moja ya nadharia pamoja na wale wa mwaka wa kwanza wa uzamili. Katika semina hiyo mwanafunzi wetu aliichagua mada yake: namna magazeti ya Kiswahili yanavyoripoti ajali za barabarani. Alinieleza kwamba mada ilimjia siku aliposikia abiria wawili wakibishana juu ya habari moja ya ajali, mmoja akisema gazeti limemtaja dereva kuwa mkosaji, mwingine akishikilia kwamba gazeti halikumlaumu mtu yeyote. Wote wawili walikuwa wameisoma habari hiyohiyo. Naomba msomaji alikumbuke tukio hili dogo, kwa sababu lilikuwa na tatizo zima la utafiti ndani yake, na sisi tuliokuwa walimu hatukuliona.

## Pendekezo lilivyopita

Swali kuu katika pendekezo la utafiti lilisomeka hivi: ni kwa kiwango gani namna magazeti yanavyoripoti ajali za barabarani inaathiri mtazamo wa wasomaji kuhusu nani anayewajibika? Mbinu iliyopendekezwa ilikuwa uchanganuzi wa maudhui, yaani kutambua na kuhesabu kwa utaratibu yaliyomo katika matini, wa habari 640 zilizochapishwa na magazeti mawili katika kipindi cha mwaka mmoja. Hapakuwa na dodoso, mahojiano wala jaribio. Hapakuwa na msomaji hata mmoja.

Jopo lililisoma pendekezo, likauliza juu ya ukubwa wa sampuli na juu ya ratiba, likarekebisha marejeo mawili, na likaidhinisha kwa muda usiozidi dakika ishirini. Mimi nilikuwa sehemu ya jopo hilo. Nikijiuliza leo kwa nini hatukuona kwamba swali linahusu wasomaji ilhali ushahidi unahusu magazeti, jibu ninalolipata ni kwamba sura ya mapitio ya machapisho ilikuwa nzuri mno. Iliandikwa kwa lugha safi, ikataja upangaji wa ajenda (hoja kwamba vyombo vya habari huelekeza masuala gani watu wayaone kuwa makubwa) na uwekaji wa fremu (namna habari inavyochagua upande gani wa jambo uonekane zaidi), na kila aya ilimalizia kwa kusema kwamba vyombo vya habari huathiri namna watu wanavyofikiri. Kufikia ukurasa wa thelathini, athari ilikuwa imeshakubaliwa kama jambo lililothibitishwa, na kilichobaki kikaonekana kuwa ni kuhesabu fremu tu.

Katika kikao hichohicho nilifanya kosa la pili. Pendekezo lilikuwa na kurasa nne juu ya kauli za vitenzi katika habari za ajali. Nilimshauri aziondoe, nikimwambia kwamba sasa yuko katika idara ya mawasiliano na jopo halitataka sarufi. Aliziondoa bila kubisha.

## Usimbaji wa majaribio

Usimbaji ni kuisoma kila habari na kuipa jibu moja kwa kila kipengele cha mwongozo, ili majibu yahesabiwe. Mwongozo wetu wa usimbaji ulikuwa na vipengele tisa. Cha msingi kiliitwa lawama, nacho kilimtaka msimbaji ajibu swali moja: je, habari hii inamlaumu mhusika yeyote kwa ajali? Majibu yalikuwa mawili, ipo au haipo. Ufafanuzi wa kipengele ulitoholewa kutoka kwenye miongozo ya tafiti za lugha nyingine, na mifano yake ilikuwa tafsiri.

Wasimbaji walikuwa wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza kutoka semina yetu, ambao walijitolea kwa bidii na kwa moyo. Walisimba habari 100 kila mmoja peke yake. Mwanafunzi alipolinganisha majibu yao alikuta wamekubaliana katika habari 90, akaja ofisini akiwa na furaha: "Mwalimu, tumefika asilimia 90." Nilifurahi pamoja naye. Nilimwambia aendelee, na katika wiki tatu zilizofuata habari 210 za sampuli kuu zilisimbwa.

Kosa liligunduliwa katika kikao cha maendeleo ya utafiti, ambapo wanafunzi huwasilisha walipofika mbele ya walimu na wenzao. Mwenzangu anayefundisha mbinu za utafiti aliuliza swali moja tu: kati ya habari hizo 100, ni ngapi zilizoonekana kuwa na lawama? Mwanafunzi alifungua kompyuta yake na kulichora jedwali ubaoni. Habari ambazo wote wawili walisema lawama ipo zilikuwa 2. Ambazo wote wawili walisema haipo zilikuwa 88. Ambazo msimbaji wa kwanza pekee aliona lawama zilikuwa 6, na ambazo wa pili pekee aliiona zilikuwa 4.

Chumba kilinyamaza, kwa sababu jedwali lilikuwa linajieleza. Kati ya habari 12 ambazo angalau msimbaji mmoja aliona lawama, walikubaliana katika 2. Makubaliano yao yote yaliyobaki yalikuwa juu ya kutokuwapo kwa kitu ambacho hawakujua namna ya kukitambua. Mwenzangu aliongeza jambo ambalo tangu siku hiyo ninalitumia katika kila darasa la mbinu. Tuchukue mtu wa tatu ambaye hakusoma habari hata moja, akaandika "haipo" mara 100. Msimbaji wa kwanza aliona lawama katika habari 8, kwa hiyo mtu huyo angekubaliana naye kwa asilimia 92. Msimbaji wa pili aliiona katika habari 6, kwa hiyo angekubaliana naye kwa asilimia 94. Asiyesoma angepata makubaliano makubwa kuliko waliosoma.

Hii ndiyo sababu takwimu kama kappa ya Jacob Cohen ya mwaka 1960 na alfa ya Klaus Krippendorff zilibuniwa: zinapima ni kiasi gani makubaliano yamezidi yale ambayo bahati peke yake ingeyaleta. Hesabu ya alfa kwa jedwali hili ni fupi. Wasimbaji wawili walitoa jumla ya maamuzi 200, ambapo 14 yalikuwa "ipo" na 186 yalikuwa "haipo". Kutokubaliana kunakotarajiwa kwa bahati ni mara mbili ya 14 kwa 186, igawanywe kwa 200 mara 199, ambayo ni takriban asilimia 13.1. Kutokubaliana kulikotokea ni asilimia 10. Ukigawa 10 kwa 13.1 na kuitoa hisa hiyo kwenye 1, unapata 0.24. Krippendorff hupendekeza 0.800 kuwa kiwango cha kutegemewa, na huruhusu hitimisho la tahadhari tu pale alfa isiposhuka chini ya 0.667. Tulikuwa mbali na vyote viwili.

## Sentensi moja, wasimbaji wawili

Jioni ya siku hiyo niliwaomba wasimbaji wote wawili waketi na mwanafunzi na mimi, tupitie habari 10 walizotofautiana. Hatukukusudia kusuluhisha. Tulitaka kila mmoja aweke kidole chake kwenye neno lililomfanya aamue.

Habari ya kwanza ilikuwa na sentensi ambayo kila msomaji wa magazeti ya Kiswahili ameiona mara nyingi: basi lilimshinda dereva, likaacha njia na kupinduka. Msimbaji wa kwanza aliweka kidole kwenye neno "dereva" na kusema lawama ipo, kwa kuwa gari haliwezi kumshinda dereva anayejua kazi yake. Wa pili aliweka kidole kwenye "lilimshinda" na kusema lawama haipo, kwa kuwa mtenda katika sentensi ni basi na dereva ndiye aliyeshindwa nguvu, sawa na mtu aliyezidiwa na mafuriko. Nilisoma sentensi ile mara tatu. Wote wawili walikuwa wasomaji wazuri, na wote wawili walikuwa na hoja.

Hapo ndipo mwanafunzi, ambaye kwa muda wote alikuwa kimya, alipochukua kalamu na kuandika kando ya karatasi: lori liligonga basi, basi liligongwa na lori, lori na basi yaligongana. Kisha chini yake: dereva alilipindua basi, basi lilipinduka. Alieleza, kwa upole wa mtu anayerudia jambo aliloambiwa aliache, kwamba Kiswahili kinaweza kulisimulia tukio moja kwa kauli ya kutenda, ya kutendwa, ya kutendana au ya kutendeka, na kila kauli inagawa uwajibikaji kwa namna yake. Kauli ya kutendana huwagawia pande zote mbili. Kauli ya kutendeka humwondoa mtenda kabisa, hata pasibaki nafasi ya kuuliza "na nani?", kwa sababu mtu husema basi lilipinduliwa na fulani lakini hasemi basi lilipinduka na fulani. Mwongozo wetu, uliotafsiriwa kutoka lugha ambayo mjadala wake mkubwa ni kati ya kutenda na kutendwa, haukuwa na la kusema juu ya kutendana wala kutendeka, na ndizo kauli zilizojaa katika habari za ajali tulizokuwa nazo mezani.

Tulipohesabu, habari 7 kati ya zile 10 zilikuwa na kitenzi cha aina hiyo katika sentensi inayosimulia ajali. Hoja hii ilikuwa ndani ya kurasa nne nilizomwambia aziondoe.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha usimbaji na kuzitupa habari 210 zilizokwisha kusimbwa. Palikuwa na njia tatu nyingine zilizozungumzwa. Ya kwanza ni kuripoti asilimia 90 bila alfa, jambo ambalo bado linaonekana katika tasnifu nyingi. Niliikataa kwa sababu sasa tulijua namba ile imebeba nini. Ya pili ni kuwaketisha wasimbaji wajadili kila tofauti mpaka wakubaliane. Njia hiyo ina mahali pake, lakini makubaliano yanayopatikana baada ya majadiliano hayapimi tena kama mwongozo unaeleweka, na nilikuwa nimekwisha kuona jioni ile kwamba msimbaji wa pili alianza kulegeza msimamo kila mwenzake alipopandisha sauti. Ya tatu ni kukiondoa kipengele cha lawama, na mwanafunzi mwenyewe aliikataa: bila kipengele hicho hakuna utafiti.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuuandika upya mwongozo kutoka kwenye lugha ya habari zenyewe. Neno "lawama" liliondolewa kabisa, kwa kuwa lilimtaka msimbaji atoe hukumu badala ya kutambua kilichoandikwa. Tulirudi kwenye ufafanuzi wa Bernard Berelson wa mwaka 1952, uliotaka uchanganuzi wa maudhui ueleze maudhui yaliyo wazi kwa utaratibu, kwa idadi na bila upendeleo. Ufafanuzi huo umepingwa sana, na kwa haki, kwa kuwa maana nyingi hazikai juu juu. Lakini kwa msimbaji anayeanza, sharti la kuanzia na kinachoonekana ni kinga nzuri. Kipengele kimoja kikawa maswali matatu. Je, sentensi ya kwanza inayosimulia ajali ina mtu kama kiima cha kitenzi cha kutenda? Je, kuna chanzo kinachonukuliwa kikitaja kilichosababisha ajali? Je, habari inataja hali yoyote nje ya dereva, kama vile barabara, chombo au usimamizi wa sheria? Sentensi ya "lilimshinda dereva" ilipewa kanuni yake peke yake: mtu anatajwa, lakini si kiima, hivyo jibu la swali la kwanza ni hapana. Msimbaji wa kwanza hakuipenda kanuni hiyo. Aliifuata hata hivyo, na hilo ndilo tulilohitaji.

Uamuzi wa tatu ulikuwa mgumu zaidi, nao ulihusu swali kuu. Tulikuwa na miezi mitano. Mwanafunzi alitaka kubaki na wasomaji, akapendekeza vikundi vinne vya majadiliano ambapo watu wangesoma habari mbili na kueleza nani anayewajibika. Nilipinga. Niliona kwamba vikundi vilivyoandaliwa kwa haraka vingetupa nusu mbili dhaifu badala ya nusu moja imara, na kwamba idhini ya maadili ya utafiti kwa washiriki binadamu ingekula wiki nyingi. Tukakubaliana swali liwe hili: magazeti haya mawili yanasimulia vipi uwajibikaji katika habari za ajali za barabarani? Neno "inaathiri" likafutwa katika tasnifu nzima, mara 61 kwa hesabu yake.

## Matokeo

Msimbaji wa pili aliendelea nasi, wa kwanza alikuwa na mitihani hivyo tukapata mwingine, na mafunzo yakafanyika katika vikao vitatu vya habari ambazo hazikuwa katika sampuli. Jaribio jipya lilitumia habari 120. Kwa swali la kwanza, wote wawili walisema ndiyo katika habari 35, hapana katika 77, na walitofautiana katika 8. Alfa ilikuwa 0.85. Asilimia ya makubaliano, kwa anayetaka kuilinganisha, ilikuwa 93. Asilimia ilipanda kwa nukta tatu tu, ilhali alfa iliruka kutoka 0.24 hadi 0.85. Kwa swali la pili alfa ilikuwa 0.91, kwa kuwa nukuu ni rahisi kuiona.

Tasnifu ilichelewa muhula mmoja. Katika utetezi, mtahini wa nje aliuliza kama msomaji naye huona kwamba kauli ya kutendeka inamficha dereva. Mwanafunzi alijibu kwamba tasnifu yake haiwezi kulijibu swali hilo, akaeleza ni ushahidi wa aina gani ungeweza. Mtahini aliandika katika ripoti yake kwamba jibu hilo lilimridhisha kuliko sura yoyote. Kazi ilipita kwa masahihisho madogo.

## Uchambuzi

Nianze na swali kuu, kwa sababu ndipo madhara makubwa yalipokuwa. Mwanafunzi aliyajua maandiko ya upangaji wa ajenda, lakini aliyasoma kama hitimisho bila kuangalia yalivyojengwa. Maxwell McCombs na Donald Shaw, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1972, hawakuhesabu habari peke yake. Wakati wa uchaguzi wa Marekani wa mwaka 1968 waliwahoji wapiga kura 100 wa mji wa Chapel Hill ambao hawakuwa wameamua wampigie nani, wakawauliza masuala gani wanayaona kuwa makubwa, kisha wakalinganisha majibu hayo na masuala yaliyopewa nafasi katika vyombo vya habari ambavyo wapiga kura hao walikuwa wakivifuata. Mgawanyo wa maudhui ulikuwa upande mmoja, mtazamo wa watu upande mwingine, na dai lao lilisimama juu ya ulinganisho. Mwanafunzi wetu alilichukua dai akaacha upande mmoja nyuma. Hata huko, kulingana kwa pande mbili si uthibitisho kwamba upande mmoja umesababisha mwingine, na utafiti uliofuata ulilazimika kuongeza vipimo vya muda na majaribio.

Hali ni hiyohiyo kwa fremu. Robert Entman, katika makala yake ya mwaka 1993, aliandika kwamba fremu hufafanua tatizo, hubaini chanzo chake, hutoa hukumu ya kimaadili na hupendekeza suluhisho, na mwanafunzi aliyanukuu hayo yote manne. Lakini katika makala hiyohiyo Entman anataja mahali panne ambapo fremu hukaa: kwa mwasilishaji, katika matini, kwa mpokeaji na katika utamaduni, naye anaonya kwamba fremu inayoongoza fikra za mpokeaji si lazima iwe ile iliyo katika matini. Sentensi hiyo, kama jopo lingeisoma kwa sauti siku ya pendekezo, ingetosha kulirudisha pendekezo mezani. Stuart Hall alikuwa amelisema jambo la karibu na hilo mwaka 1973, alipoonyesha kwamba mpokeaji anaweza kuisoma maana kama ilivyokusudiwa, kwa kuijadili, au kwa kuipinga. Na abiria wawili waliobishana juu ya habari moja walikuwa wamelionyesha bila nadharia yoyote.

Semina yetu ina sehemu yake katika kosa hili. Tulikuwa tunafundisha nadharia moja kwa wiki, kila moja na mwasisi wake, mwaka wake na madai yake makuu, na mtihani uliwataka wanafunzi wayataje. Ufundishaji wa namna hiyo unazaa mapitio mazuri ya machapisho na maswali mabaya ya utafiti, kwa sababu mwanafunzi anaondoka na orodha ya mambo ambayo vyombo vya habari "hufanya", bila kujua kila kitenzi katika orodha hiyo kililipiwa kwa ushahidi gani. Sasa kila pendekezo linalotoka katika semina hubeba ukurasa mmoja wa ziada ambapo mwanafunzi anaandika vitenzi vyote vya maswali yake (inaathiri, inaakisi, inachochea, inaonyesha) na mbele ya kila kimoja anataja data itakayokibeba. Wanafunzi wa shahada ya kwanza huufanya ukurasa huu vizuri kuliko wa uzamili, labda kwa sababu bado hawajazoea kuandika kama makala za majarida.

Kuhusu asilimia 90, mwanafunzi hakukosea hesabu. Alikosea kutazama namba moja pale palipohitaji jedwali. Nami nilikosea zaidi yake, kwa kuwa nilijua alfa ni nini na sikuiomba, na sababu pekee niliyonayo ni kwamba namba ilikuwa nzuri na ratiba ilikuwa imebana. Kilichotuokoa ni kikao cha hadhara ambapo mtu asiyehusika na kazi aliruhusiwa kuuliza swali la kawaida, na mwanafunzi ambaye alilichora jedwali ubaoni papo hapo bila kutafuta kisingizio. Kama angejibu kwamba atalituma baadaye, nadhani tungesimba habari zote 640.

Juu ya zile kurasa nne za sarufi, bado zinanikera. Nilimwona mwanafunzi aliyetoka isimu kama mtu anayepaswa kuiacha isimu mlangoni, ilhali kipengele kigumu kuliko vyote katika utafiti wake kilikuwa tatizo la kauli za vitenzi, na katika chumba kile yeye peke yake ndiye aliyekuwa na zana za kulieleza. Pia tulikuwa tumechukua mwongozo wa lugha moja na kudhani unafaa kwa nyingine mradi umetafsiriwa vizuri. Utohozi wa miongozo hauepukiki, na hakuna ubaya kuanza nao. Ubaya ulikuwa kutousoma mwongozo huo mbele ya habari ishirini halisi kabla ya kumkabidhi msimbaji.

Uamuzi wa kuliacha swali la wasomaji ndio ninaoutetea kwa unyonge zaidi. Kwa muda tuliokuwa nao ulikuwa sahihi, na tasnifu iliyotokana nao haidai zaidi ya inachojua. Lakini mwanafunzi alikuja na udadisi juu ya watu wanaosoma, akaondoka na kazi juu ya sentensi zinazosomwa. Kama pendekezo lingerudishwa siku ile ya dakika ishirini, angekuwa na miezi kumi na minne ya kuandaa vikundi vyake, na idhini ya maadili ingeombwa mapema. Gharama ya jopo kupitisha swali lenye kasoro ililipwa na yeye, kwa nusu ya utafiti aliyoipenda.

Limebaki jambo moja ambalo yeye na mimi hatukubaliani hadi leo. Kipengele cha suluhisho, kinachouliza kama habari inapendekeza hatua ya kuzuia ajali nyingine, kilipata alfa ya 0.70 hata baada ya mwongozo kuandikwa upya. Kimepita 0.667, hakijafika 0.800. Yeye alikiacha katika tasnifu na kuandika chini ya jedwali kwamba matokeo yake ni ya tahadhari, akisema kwamba kukificha kungemnyima mtafiti ajaye nafasi ya kukiboresha. Mimi nilitaka kitolewe kwenye sura ya matokeo na kuwekwa kwenye kiambatisho, kwa kuwa wasomaji wengi hunukuu jedwali na kuacha maelezo yaliyo chini yake. Mtahini aliukubali uamuzi wa mwanafunzi, na jedwali limebaki pale alipoliweka.